Jina Moja kwa Kamanda

Kila asubuhi, kabla ya kukamua ng'ombe wake, Papa Grégoire hukamua kwanza wa jirani yake Ndagijimana, ambaye hayupo, na kumpelekea Kayitesi, mke wa jirani huyo, maziwa. Huweka kidumu mlangoni, kisha hurudi nyuma hatua mbili kama mtu anayengoja kufukuzwa.

Yeye ni kapita wa kilima chetu, juu ya Kirolirwe. Husuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba na kupeleka habari zetu kwa chifu. Ng'ombe wake wa kwanza alipewa na Ndagijimana, mwaka Grégoire alipooa. Kwetu, mtu aliyekupa mtamba humsemi vibaya mbele ya wakubwa, hata kama mmegombana.

Wakati wa état de siège, hali ya dharura, Kinshasa iliwaondoa watawala wa kiraia ikaweka wanajeshi. Kamanda mmoja akawaita makapita, mmoja mmoja, akawauliza swali lile lile: nani anawapa waasi maziwa? Kilimani kwetu kila mtu alitoa. Waasi walikunywa, askari wa serikali walikunywa. Grégoire mwenyewe alitoa. Lakini kamanda alitaka jina, na hakuna aliyetoka bila kuliacha.

Grégoire akafikiri kama tulivyozoea kufikiri huku: mtu mkubwa akiitwa ofisini hukaa kwenye benchi mpaka jioni, wazee huenda kumwombea, naye hurudi nyumbani. Maskini ndiye hupotea. Akamtaja aliyeheshimiwa kuliko wote.

Siku hiyo hiyo gari lilimpeleka Ndagijimana hadi Goma. Wazee walipofika, benchi lilikuwa tupu. Baadaye Goma yenyewe ikaangukia mikononi mwa waasi, kamanda akaenda zake, na ofisi ya kuuliza haikuwepo tena. Kayitesi hakuambiwa jina la mumewe lilitoka kinywani mwa nani.

Juzi nilifuatana na kapita hadi mlangoni kwa Kayitesi. Nilikuwa na maswali kumi na nane ya mémoire, tasnifu yangu ya chuo kikuu. Nilithubutu moja.

"Kapita, leo umekawia," Kayitesi alimtania. "Ng'ombe ilikuwa na mukutano?"

"Iliomba kwanza kibali."

Kayitesi alicheka, akanigeukia. "Huyu Papa! Bandugu ya bwana yangu bote balikimbia. Yeye tu njo alibakia. Uandike vile mu kitabu yako."

Grégoire hakuinua macho. Nikauliza: "Papa, serikali ikitaka kutuliza huku kwetu, ianze na nini?"

Alipojibu hakunitazama mimi, alimtazama Kayitesi.

"Ikuye iulize shida yetu, isiulize jina. Miye baliniuliza jina, Mama Kayitesi. Nikabapa ya bwana yako."