Mpika Pombe Asiyeonja

Fransiska wa Kasense alianza kukohoa mwaka waliohamishiwa kijiji cha ujamaa, na hakuna aliyeshtuka. Alikuwa bibi, na bibi hukohoa. Mwenyewe aliulaumu moshi, kwa kuwa ndiye aliyepika pombe ya ulezi ambayo kijiji kizima kiliifuata baada ya kazi ya shamba la pamoja. Alipokonda, wakasema ni uzee huo. Alipotema damu aliifukia kwa majivu, akaendelea kukoroga.

Binti yake Kristiana ndiye aliyemfikisha hospitali ya mjini, tena kwa kumdanganya kwamba wanakwenda kununua chumvi. Akakutwa na kifua kikuu. Akalazwa, akachomwa sindano mpaka akawa anakaa upande upande. Siku ya kutoka, muuguzi mmoja wa kutoka Mbeya, Atusaye, alimkabidhi vidonge vya kumezea nyumbani, akamwonya kwamba muda wote wa dawa asiguse pombe hata tone, asije akaharibu ini.

Hapo ndipo Fransiska alipoogopa kweli. Sindano alishazizoea. Lakini kwao mpika pombe huonja kwanza, mbele ya watu, ndipo kibuyu kizunguke. Asiyeonja ametia sumu, hakuna maelezo mengine. Na akitaja ugonjwa wake, nani atakanyaga tena uani kwake? Tangu afiwe na mumewe, ua ule uliojaa watu ndio uliokuwa maisha yake.

Akapika hivyo hivyo. Jumamosi watu wakajaa, balozi wa nyumba kumi mbele, na karibu yake mzee Polikarp, rafiki wa marehemu mumewe, aliyekuwa na kikohozi chake cha siku zote. Fransiska akachota, akampa balozi kibuyu bila kuonja. Balozi akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akakiweka chini. Mtu mmoja akaanza kutafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani.

Kristiana akataka kuonja badala ya mama yake. Fransiska akamzuia.

"Humo hamna sumu," akasema. "Nina kifua kikuu. Nimekatazwa pombe mpaka nimalize dawa. Anayetaka kunywa anywe. Anayetaka kuondoka, njia anaijua."

Baadhi wakaifuata njia. Fransiska aliitazama migongo yao, na ilimuuma.

Mzee Polikarp akanyoosha mkono. Watu wakadhani anataka kunywa. Kumbe alikuwa anakisogeza kibuyu kando apate nafasi ya kupita. Akaja kukaa na Fransiska, akakohoa mpaka akamaliza, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama Kristiana, wewe damu ulianza kuiona lini?"

Jumatatu Kristiana akawa na mzee mwingine wa kumpeleka mjini kununua chumvi.