Kamba Nyekundu ya Mama Ngalula

Tangu kiwanda kilipokufa hapa Likasi, watu wanang'oa hata nyaya za taa za kanisani, na mimi, fundi umeme nisiye na mshahara, simwamini mtu. Juzi Mama Ngalula, mwuza samaki, aliniita nimfungie swichi ya usalama kwenye injini ya mtumbwi wake. Dereva hujifunga kamba mkononi. Akianguka ziwani, kamba inachomoa ufunguo mdogo wa plastiki na injini inazima. Bila ufunguo ule haiwaki kabisa.

Niliijaribu palepale uani, ndani ya pipa la maji. Ikawaka. Nikavuta kamba, ikazima. Nikashusha mikono ya koti langu la kazi, nikaenda kula bukari.

Niliporudi, injini ikagoma. Ufunguo haupo. Aliyebaki pale ni Ilunga, dereva, na macho yake sikuyapenda tangu asubuhi.

"Leta ufunguo," nikamwambia.

"Papa Kabeya, miye sikugusa kitu."

"Wezi wote wanasema vile."

Nikampekua mifuko mbele ya majirani, nikamvua hata viatu. Mama Ngalula akasema basi tuombe, Mungu atuonyeshe mwizi.

"Kila muntu apandishe mikono yulu."

Nilipandisha yangu kuliko wote, nikapaza sauti: "Bwana, umufunue." Mkono wa koti ukateleza hadi kwenye kiwiko. Nilipofumbua macho, hakuna aliyekuwa akiomba. Kamba nyekundu ilining'inia kwenye mkono wangu, na ufunguo unacheza mwishoni.

Ilunga, bado yuko peku, akasema polepole: "Amina."