Meno Ambayo Baba Hakuwa Nayo

Kazi yangu ni kuvichezesha vitu visivyocheza. Nimemchezesha kuku wa kuchoma wa mkahawa mmoja upande wa Karavia: anavaa kofia ya mpishi, anainama kuwasalimu wateja watakaomla, kisha anajitupa mwenyewe kwenye sahani. Watu wanampenda sana kuku huyo. Nimechezesha chupa ya mafuta ya nywele inayokata kiuno, na mfuko wa saruji unaoruka kamba. Ninachora kwenye tableti, picha baada ya picha, na mwishowe kitu ambacho Mungu hakukipa roho kinapepesa macho kwenye simu za watu. Mtu akiniuliza nilisomea nini, ninamjibu kwamba ni upuuzi, wala sisemi uongo.

Ugonjwa huu niliurithi. Baba yangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, na alipostaafu akaanza kuvipa vitu miguu. Sijui nieleze namna gani nyingine. Alichukua waya mnene wa shaba, akaukunja kwa koleo, akaugongagonga kwa nyundo ndogo mpaka ukawa mguu wenye goti na kisigino, kisha akaufunga chini ya chochote kilichokuwa karibu naye. Birika letu lilikuwa na miguu ya bata. Redio ilisimama kwa miguu ya mtu mnene, vidole vimetazama nje. Kinu cha mama alikipa mguu mmoja tu, umekunjwa mbele, kama mtu aliyekaa kitako anapumzika. Mama alinuna asubuhi nzima, kwa sababu kinu kiliyumba kila alipotwanga, halafu mchana tulimkuta amekifunika mguu kwa kitambaa ati kinasikia baridi. Majirani wa mtaa wetu wa Kampemba walikuwa wakija kutazama. Ukimwuliza mzee kwa nini, anakujibu uso mkavu:

"Kintu iko na miguu haiogopake moto. Ikiona inazidi, inakimbia."

Katika picha zote alizopigwa, baba amefunga mdomo. Meno mawili ya mbele, ya juu, aliyapoteza ujanani alipoanguka na baiskeli, na hakutaka mpiga picha yeyote alifanye pengo lake habari. Kwa hiyo kila mahali anatazama kamera kama anavyotazamwa polisi wa barabarani: kwa heshima, bila kusema neno la ziada.

Alikufa msimu wa mvua, baada ya kuugua kidogo tu. Nilipopewa habari nilikuwa nimeshika kikombe kichafu. Nikakiosha, nikakifuta, nikakiweka mahali pake, nikaosha na vingine ambavyo havikuwa vyangu. Niseme wazi: sikusikia kitu. Si uchungu wala nafuu. Nilishikwa na ganzi, ile ile ya mguu ulioukalia vibaya, unaugusa, unaona kabisa kwamba ni wako, lakini haukujibu. Nilichagua jeneza vizuri. Nilisahihisha hata rangi ya maandishi kwenye kitambaa kikubwa chenye picha yake, kwa sababu mchapishaji alikuwa ameweka njano juu ya nyeupe, na njano juu ya nyeupe haisomeki.

Tulimzika, kilio kikaendelea nyumbani, katika lupango, yaani ua wetu, chini ya turubai na viti vya plastiki vya kukodi. Wanawake walikaa mikekani pamoja na mimi. Waliniangalia. Kwetu mtoto wa marehemu asiyelia ni jambo la kujadiliwa, na walijadili, kwa sauti ya chini ambayo lengo lake ni kusikika. Shangazi yangu, dada yake baba anayemfuata, ndiye aliyewanyamazisha.

"Muache mutoto," alisema. "Kila muntu na saa yake."

Mtoto mwenyewe ana mvi.

Ndugu yangu mdogo, anayeshughulikia karatasi za malori kule mpakani Kasumbalesa, ndiye aliyeleta wazo. Wajomba na binamu wa Kabalo hawakuweza kufika, njia ni mbaya, na ingefaa watumiwe kitu kwenye simu. Siku ya kuondoa matanga tungekionyesha pia kwa wageni, kwenye shuka.

"Yaya, weye njo unajua mambo ya ordinateur," aliniambia, maana mimi ni dada yake mkubwa na kompyuta ndiyo kazi yangu. "Utuchezeshee Papa kidogo. Asalimie bantu."

Nilikubali mara moja. Kuwa na kazi ni afadhali kuliko kukaa mkekani unapimwa machozi. Siku hizi huhitaji hata kuchora. Kuna programu ambazo unazipa picha moja ya mtu, zinafikiri kidogo, zinakurudishia mtu anayetikisika. Nikaipa picha ya kadi yake ya kitambulisho. Ikafikiri. Baba akapepesa macho, akageuza kichwa kushoto, akacheka. Alikuwa na meno! Meno mengi, meupe, yamejipanga kama wanafunzi siku ya bendera.

Jambo la kwanza nililofikiri, na ninalikumbuka vizuri, ni kwamba kope zake zinafunga haraka mno.

Nikazirekebisha kope. Kisha nikaanza kuyang'oa meno. Nilichora pengo kwa mkono, picha baada ya picha, lakini programu haikujua pengo ni nini. Pengo likawa linatembea. Likapanda juu, likashuka chini, na kuna sehemu moja lilihamia shavuni. Siku nyingine ningecheka mpaka nishike tumbo, maana ndicho kitu cha ajabu kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, kumshinda hata kuku. Siku ile nilifuta tu, nikaanza upya, nikahifadhi faili kwa jina la "Baba, ya mwisho", na baadaye "Baba, ya mwisho kabisa". Ndugu yangu alikuja akasimama nyuma yangu.

"Acha meno," alisema. "Papa iko muzuri bile. Anafanana ministre."

Nikayaacha, baba akabaki waziri. Nikazicheza tena zile sekunde chache ili kukagua mwanga, nikazicheza tena kukagua shingo, na tena. Ndivyo kazi yetu ilivyo, unatazama kitu kimoja hadi kinakuwa ukuta.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ninasuuza masufuria, nikajaribu kukumbuka baba alivyokuwa akicheka. Alicheka sana, mzee yule, msidanganywe na picha. Nikamwita kichwani. Akaja, akageuza kichwa kushoto, akatoa meno. Nikajaribu siku ya kinu, siku ambayo sote tulikuwepo na alicheka mbele yangu. Akageuza kichwa kushoto, akatoa meno. Nikajaribu nyumba ya zamani, nikajaribu Krismasi, nikamjaribu akiwa kijana ananibeba mabegani. Yule yule, na kope nilizozirekebisha mimi. Nilijua hapo kwamba ninampoteza, safari hii bila hospitali, na kwamba asiporudi mwenyewe nitaishi na ministre yule mpaka nife. Nilijua ni jambo la kutisha. Hofu yenyewe haikuja. Nikaendelea kusuuza.

Siku ya kuondoa matanga wingu lilikuwa zito tangu asubuhi, kwa hiyo shuka ilionekana vizuri. Ndugu yangu aliwasha jenereta na projekta. Baba alipopepesa macho, mkubwa kama mlango, wanawake walipiga yowe. Alipocheka, watu walilia kweli, wengine wakapiga makofi, wakaomba arudiwe. Alirudiwa mpaka jenereta ikakohoa. Watu walikuja kunipa mkono na kusema nimefanya kazi nzuri, nami nikawashukuru kama ninavyowashukuru wateja.

Baada ya hapo wakaingia wajukuu. Kwetu mjukuu na kambo, yaani babu yake, ni watani, na kifo hakivunji utani huo. Siku ya mwisho ya kilio mjukuu ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza, kuwasumbua waombolezaji, na hakuna wa kumgombeza. Mwishoni anasimama mbele ya mtoto mkubwa wa marehemu na kunyoosha mkono. Ukimpa kitu, chochote, anavua nguo, mchezo umekwisha, kila mtu anakwenda kwake. Shangazi alikuwa amenipa kipande cha sabuni tangu asubuhi ili nisije nikaaibika. Nilikifunga kwenye ncha ya kitenge.

Aliyetoka ndani ni binti mkubwa wa ndugu yangu, mwanamke mpana anayesuka nywele sokoni, mwenye mdomo usiojua Jumapili. Alikuwa amevaa koti la baba la reli, refu, na kofia yake. Mikono nyuma, mgongo umeinama kidogo, akaanza kupita kati ya viti akitazama chini. Alichuchumaa penye kiti cha katekista, akapima mguu wa kiti kwa shubiri, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mwalimu, kiti yako inalia," alisema. "Inaomba biatu."

Watu wakaangua kicheko. Aliinua sahani ya mtu mwingine, yenye bukari, ugali wetu, akachungulia chini yake, akairudisha kama daktari anayeficha habari mbaya. Bibi mmoja jirani akamtupia utani kutoka mkekani:

"Kambo! Ile meno ya ku telefone uliacha wapi?"

Na yeye akacheka. Akaiingiza midomo ndani, yote miwili, akashusha kidevu kwenye kola, mabega yakaanza kutetemeka, na puani ikatoka filimbi nyembamba, hiii, hiii, huku kiganja kikipiga paja polepole. Kisha akajifuta macho kwa kifundo cha mkono na kutazama huku na huku, kana kwamba kelele ile ilifanywa na mtu mwingine.

Nilimwona baba. Palepale, mchana, chini ya turubai, na meno yote yale ya kukopa yakamwagika kichwani mwangu yakaisha. Kinu kilirudi, na Krismasi, na mabega.

Binti akafika mbele yangu, akanyoosha mkono. Nilikuwa nimeishika sabuni ndani ya kitenge, ninausikia ukingo wake. Sikuitoa. Ningeitoa, koti lingevuliwa.

Alisubiri. Akadhani ninamchezea, akacheka tena kile kicheko, midomo ndani, filimbi, paja. Nilimtazama bila kupepesa.

"Lipa, yaya!" mtu alipaza sauti. Wengine wakasema ubahili huu hata msibani haupumziki. Ndugu yangu akatia mkono mfukoni ili anisaidie, shangazi akamshika. Hilo ni la mtoto mkubwa, halina msaidizi. Mvua ilianza kugonga turubai. Jasho lilikuwa linamtiririka binti yule chini ya kofia, koti ni zito, yeye mwenyewe amekaa kilioni tangu siku ya kwanza akipika kwa ajili ya watu wote hawa.

"Tena," nilimwambia. Lilikuwa neno langu la kwanza siku ile ambalo halikuwa la kushukuru.

Akacheka tena. Mabega yalikuwa yamechoka, filimbi ikatoka kidogo. Hakuna aliyecheka pamoja naye. Kisha akasogea karibu kabisa, akaniwekea mkono begani, na kwa sauti ya babu yake, akiniita kama baba alivyoniita maisha yangu yote kwa sababu nina jina la mama yake, akasema polepole:

"Mama, nimechoka. Uniache niende."

Nikafungua kitenge. Aliipokea sabuni kwa mikono miwili. Akavua kofia, akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti kilichokuwa wazi, na akabaki yeye mwenyewe, shati limelowa, anapumua. Nililitazama lile koti. Lilikuwa limelala bapa kwenye kiti na halikuwa na mtu ndani.

"Papa alikufa," nilisema.

Nilimwambia shangazi, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, na nilimwambia kama mtu anayeleta habari. Hakushangaa, wala hakunikumbusha kwamba tulikwisha kuzika. Alijivuta kando mkekani akaacha nafasi, kama wanavyomfanyia mgeni aliyetoka mbali na njia ikamchelewesha.

"Alikufa, mama," alisema. "Karibu ku kilio."