Nilimpeleka Mama Mkwe Kuona Milima

Wanaonicheka hapa Nachingwea hawajawahi kukodi gari, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe. Njia niliipanga mimi: twende taratibu hadi Ruangwa na kupita Nkowe, mama mkwe aione milima vizuri.

Gari lilikuwa na kasoro ndogo ndogo. Kioo cha pembeni kililegea, nikakifunga kwa kitambaa chekundu. Taa za mbele ziligoma kuzimika, nikaziacha ziwake mchana kweupe. Dirisha la nyuma halikufungika, na vumbi lilipozidi mama mkwe akajilaza kwenye kiti, akajifunika shuka jeupe gubigubi, akasinzia. Mimi sikuongeza mwendo. Mandhari hayatazamwi mbio.

Karibu na Nkowe watu wakaanza kushuka kwenye baiskeli na kusimama pembeni. Bodaboda mmoja akazima pikipiki kabisa. Nikawapungia mkono.

"Baba Zuhura, hawa wana nini?" mke wangu akauliza kutoka kiti cha mbele, pembeni yangu.

"Wamezoea kuniona na baiskeli," nikamjibu, nikazidi kutabasamu. Sikatai, nilitabasamu.

Tulipofika gengeni wanawake wakalizunguka gari, vichwa chini. Mzee mmoja akainama dirishani, akanikuta meno yote nje.

"Poleni na msiba, mwanangu. Tumeona kitambaa chekundu na taa. Marehemu mnamzika wapi?"

Hapo hapo shuka likainuka kwenye kiti cha nyuma.

"Nani kafariki?" akauliza mama mkwe.

Genge zima likatimka, mzee akiwa mbele. Mimi sikukimbia. Gari nilikuwa nimelikodi mpaka jioni.