Sista Phelista na Meza ya Shashi

Sista Phelista, muuguzi, alizaliwa Sirisia, akaolewa mtaa wa Tuwan, na mdomo wake ulijulikana katika kila wodi ya hospitali ya misheni mjini Kitale. Kumchekesha mgonjwa aliweza. Kumnyamazisha daktari pia aliweza, tena bila kupandisha sauti. Lakini ninalomvulia kofia hadi leo ni lile la shashi.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tano. Wagonjwa wa ukimwi walilala wawili wawili kitandani, na mmoja akifa, muuguzi aliyemwosha alienda moja kwa moja kitanda cha pili kumwuliza mwingine ameamkaje. Wauguzi walikuwa wamechoka hadi kwenye mifupa. Phelista aliporudi kutoka kozi ya ushauri nasaha Bungoma, alimwomba metroni, mkuu wa wauguzi, chumba cha kuwasikiliza wenzake. Akapewa. Akapanga viti viwili, akatandika kitambaa mezani, akangoja.

Wapi! Hakuingia hata nzi. Kumbe chumba kilipakana na kile cha kupimia ukimwi, na mlangoni pameandikwa "Ushauri". Nani angethubutu? Kabla chai ya saa nne haijapoa, ungesikia ati Sista fulani amepimwa, na mumewe ameshaambiwa. Phelista, mjanja wa wajanja, hakuliona hilo mpaka Kemboi wa maabara alipomwambia, "Sista, hapo hata mimi siwezi ingia, bana."

Alicheka, akabeba viti vyake. Alasiri hiyo aliingia chumba cha kuchemshia vyombo, akavuta robota la shashi za kufungia vidonda, zile ambazo wauguzi huzikata na kuzikunja wenyewe, akaita, "Wodi zimeishiwa! Nani atanisaidia kukunja?" Kazi ni kazi, nani atamsengenya mtu kwa kukunja shashi? Wakaja. Mikono ikiwa na shughuli na macho yakiwa mezani, midomo ikafunguka yenyewe. Phelista hakumwambia mtu "ni mapenzi ya Mungu". Alikata, akasikiliza. Haki, kile kilikuwa kipaji.

Ila Edah hakuja. Huyu alikuwa mkunga kijana wa wodi ya wazazi, na alikuwa amemwambia metroni kwamba Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Anarudi kwao kuuza vitunguu. Phelista hakulala. Mkunga mwenye mikono mepesi namna ile, akapime vitunguu? Akamfuata hadi kwenye kamba ya nguo.

"Mwanangu, njoo unishikie mkasi."

"Mama, mimi sina maneno."

"Nani amekuuliza maneno? Nimesema mkasi."

Edah akaja, akaanza kukata shashi. Kisha likamtoka.

"Yule mama wa Kapsokwony, aliyeletwa na pikapu ya viazi. Alivuja damu mpaka akaisha mikononi mwangu. Nikamfunika. Hapo hapo wa kitanda cha pili akajifungua, nikamwambia hongera. Mama, mdomo ule ule! Tangu hiyo siku siwezi sema hongera. Namshika mtoto, nanyamaza, na mama yake ananiangalia akifikiri mtoto ako na shida."

Phelista alitaka kumwambia usiende. Ulimi ulimwasha! Akauuma, akamsogezea shashi nyingine.

Ijumaa Edah aliaga, akatoka getini na begi lake. Phelista alimwona kupitia dirishani. Akarudi mezani, akawa anakata shashi kombokombo, hasira na huzuni pamoja. Mara mlango ukasukumwa. Alikuwa Edah.

"Nimefika steji ya matatu nikageuka," akasema. "Umetusikiza sisi wote. Wewe ni nani amekusikiza? Mganga hajigangi. Keti."

"Aa, mimi niko sawa."

"Mama, keti."

Phelista akaketi, akafungua mdomo afanye mzaha kama kawaida yake. Mzaha ukakataa. Likatoka jina.

"Sifuna," akasema. "Alikuwa mtoto mdogo tu. Nilimdunga sindano akinichekea. Niliporudi na uji wake..."

Hakumaliza. Alilia kwa sauti, yeye aliyewafuta machozi watu wa hospitali nzima. Edah hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia pole. Aliweka begi sakafuni, akavuta kiti karibu, akakunja shashi huku akimsikiliza mpaka mwisho. Jumatatu alikuwa wodi ya wazazi, kazini.