Nimemwacha Neema kwenye salamu

Nani alisema miaka hamsini na nane ni ya kukaa kibarazani?

Leo asubuhi nimekimbia na binti yangu Neema, njia ya kwenda kijiji cha Ulaya. Hatujafika mbali, akanipita. Eti, "Mama, pumzika hapo, nitakukuta nikirudi."

Nipumzike mimi?!

Mbele yake wakatokea akina mama saba wanakwenda gulioni. Rika langu wote.

Ikabidi asimame. Shikamoo mama, shikamoo mama, mmoja mmoja! Wa mwisho akamng'ang'ania mkono, anauliza harusi lini.

Mimi nikafika, nikawapungia wenzangu, huyoo nikapita.

Nimemsubiri darajani. Amefika anahema: "Mama, umenichezea rafu!"

Nikamwambia, "Na mimi shikamoo yangu ya leo iko wapi?"