Kadi za Maoni katika Ukumbi wa Wachezaji

Mimi sikurudi Oman mikono mitupu. Nilirudi na stashahada ya uendeshaji wa hoteli, niliyoisomea London kwa jasho langu, bila ya ami wala mjomba kunilipia. Mchana nilikaa darasani, jioni nikaosha gilasi katika klabu moja ambayo wanawake hucheza huku wakivua nguo. Silionei haya hilo, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza jambo ambalo walimu wangu hawakulijua. Nilidhani wanaume wale walikuja kutazama miili tu. Lakini mchezaji aliyependwa kuliko wote hakuwa kijana wala hakuwa mzuri hivyo. Alikuwa anakumbuka. Mteja akiingia, humuuliza kama mbwa wake amepona. Nilikuwa nikisimama na kitambaa mkononi nikijiuliza: mtu huyu kalipa kiingilio aje aulizwe habari za mbwa?

Basi nilipopewa unaibu meneja katika hoteli moja ya Qurum, mjini Muscat, wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na ofisi yenye mlango wake, nilijiona niko tayari kwa lolote.

Hoteli ilikuwa na ukumbi wa vinywaji na wachezaji watatu kutoka Tanga. Hapa hakuna aliyevua kitu. Walicheza wamevaa magauni marefu ya kumetameta, wamefunga kanga viunoni. Kanzu haikuruhusiwa ukumbini, kwa hiyo wateja walibadilisha nguo ndani ya magari yao, wakaingia na shati na suruali. Wengi walikuwa watu wetu, Waomani waliozaliwa Unguja na bara, sasa wana vyeo serikalini.

Mwenye hoteli alikuwa ametoka safari ya Bangkok, akaja na fikra mpya. Alisema wateja wanataka magauni mafupi, na wachezaji wakae nao mezani. Kiongozi wa wachezaji, mama wa watoto wawili, alikataa yote mawili. Mwenye hoteli akasema kama hataki, mkataba ukiisha mwisho wa mwezi arudi kwao. Visa yake ilifungamana na mkataba ule, na watoto wale walisoma kwa kazi ile.

Nikaomba wiki mbili niwaulize wateja wenyewe, kitaalamu. Nikachapisha kadi za maoni: unatarajia nini kwa mchezaji? Chini yake, jina na namba ya simu. Kadi zilikuwa za Kiarabu na Kiingereza na, wazo langu mwenyewe ambalo nililionea fahari, Kiswahili.

Yule mama aliigeuza kadi huku na huku. "Kaka, hawa wanabadilisha nguo garini wasijulikane. Na wewe unawapa kalamu?"

Nikamweleza kwamba utafiti hufanywa hivyo. "Haya, msomi," akasema, akaenda zake kutengeneza nywele.

Kadi zilirudi tupu, isipokuwa moja iliyoomba karanga ziongezwe pilipili. Wiki ya pili meza za watu wetu zikabaki hazina mtu. Nilichelewa kuelewa. Kadi ya Kiarabu ingeweza kutoka kwa yeyote, lakini ya Kiswahili imetoka kwangu tu, na mama yangu hukaa mkeka mmoja na wake zao kwenye kila harusi. Mwenye hoteli alizitazama meza zile, akaagiza fundi aje kupima magauni mafupi.

Asubuhi yake yule mama aliingia ofisini kwangu, hakukaa. "Umeuliza karatasi," alisema. "Mimi hujaniuliza."

Nikamuuliza, na kalamu nikaiweka chini. Akanieleza kwamba bwana mmoja mkubwa wa ofisi anataka kutaniwa, maana kazini na nyumbani wote wanamwogopa. Mwingine anataka aulizwe kama amekula. Na mzee mmoja wa mtaa wa Hail, aliyezaliwa Tabora, anataka kusikia mvua za Tabora tu.

"Kwani umewahi kufika Tabora?"

"Hata siku moja. Nampa mvua yoyote."

Nilicheka, kisha nikajicheka mwenyewe, kwa sababu lilikuwa jambo lile lile la London, na mimi mwenye kulijua nimelitafuta kwa kadi.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na tanzia Hail, watu wamekaa matanga. Baada ya sala ya alasiri nilimwona yule mzee wa Tabora amekaa na finjani ya kahawa, kanzu nyeupe, kilemba kimefungwa vizuri. Nikamwamkia, nikakaa karibu yake. Ukumbi haukuweza kutajwa mahali pale.

"Ami," nikasema polepole, "zile karatasi nimezichoma mwenyewe. Hapana aliyeandika jina."

"Karatasi gani?" Hakunitazama. Akaninyooshea sahani ya halwa. "Kula, mwanangu. Umekonda kwa kazi."

Jumatano alikuja, na siku ya pili wakaja wenziwe. Kabla ya mwisho wa mwezi ukumbi ulijaa tena, na fundi alirudishwa na futi yake. Lile nimelifanya mimi, na sitaki mtu mwingine asifiwe kwalo, ila yule mama.

Alipoitwa kutia saini miezi sita mingine, aliusoma mkataba kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akaniomba niongeze chini, kwa Kiswahili, kwamba mchezaji hakai mezani kwa mteja. Nikaandika, nikamtafsiria mwenye hoteli. Akasema maadamu watu wanakuja, niandike nitakalo. Akasaini. Yule mama akachukua ile kalamu, akasaini naye, akanirudishia, akanitaka niandike hivyo hivyo kwenye mikataba ya wenzake wawili, na akasimama pale mpaka nikamaliza.